Matunda Chotara ya Jamii ya Machungwa na Mlo wa Masharti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Orodha ya vyakula vya kuacha ikishabandikwa jikoni, jamii ya machungwa ndiyo huleta ubishi wa kwanza. Chungwa limeruhusiwa, balungi limekatazwa, chenza halikutajwa, halafu kuna tunda lililo kati ya chenza na balungi ambalo hakuna aliyeliandika popote. Mtu hulishika mkononi asijue alimenye au alirudishe. Nimekaa na watu wengi wenye orodha za namna hiyo, wa figo, wa kisukari, wa tumbo, na wale waliojichagulia mlo kwa imani yao wenyewe, na maswali yao hufanana sana. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Tunda chotara ni lipi hasa?

Ni tunda la mti uliotokana na wazazi wa aina mbili. Chavua ya mti mmoja imeangukia ua la mti wa aina nyingine, mbegu ikapatikana, ikaota, na mti mpya ukazaa tunda lisilo la mama moja kwa moja wala la baba. Nyuki huifanya kazi hiyo bila kuombwa, na mkulima naye huweza kuifanya kwa makusudi kwa brashi ndogo. Miti ya jamii ya machungwa hupokeana chavua kwa urahisi kuliko miti mingi ya matunda, ndiyo maana machotara yake hayahesabiki.

Klementini ni mtoto wa chenza na chungwa. Ilionekana Algeria miaka mia moja na zaidi iliyopita, katika bustani aliyoitunza mtawa Clément Rodier, na jina lake limetokana na yeye. Limekwati ni ndimu iliyozalishwa na kumkwati, tunda dogo linaloliwa na ganda lake. Walter Swingle aliipata Florida mwaka 1909. Tanjelo ni chenza na balungi, au chenza na furungu, lile tunda kubwa lenye ganda nene. Tanjelo la aina ya Minneola utalitambua kwa shingo yake iliyochomoza kama ya chupa ndogo. Ukilimenya, ganda huachia kwa wepesi wa chenza, lakini vidole vinabaki na ule uchungu wa mbali wa balungi. Wazazi wote wawili unawakuta hapo hapo mkononi.

Na chungwa la kawaida, nalo ni chotara?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi hushtuka. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya aina 60 za jamii hii, ukionyesha kwamba asili yake iko kwenye miteremko ya kusini mashariki mwa Himalaya, na kwamba karibu kila tunda tunalolijua limetoka kwa mababu wachache. Wakubwa wao ni watatu: furungu, chenza la asili, na sitroni, lile tunda lenye ganda nene jeupe ambalo ndani lina maji kidogo sana.

Danzi, lile chungwa lenye uchungu, ni mtoto wa furungu na chenza. Chungwa tamu ni la wazazi hao hao, ila wamerudiana zaidi ya mara moja. Limau ni danzi lililokutana na sitroni. Balungi ni furungu na chungwa tamu, na lilitokea Barbados katika karne ya 18. Ndimu ndogo yenye mbegu nayo imetokana na sitroni na tunda la porini la Asia liitwalo mikranta. Hata machenza mengi tunayokula yana vipande vya vinasaba vya furungu.

Kwa hiyo ukiamua kuacha kila chotara wa jamii hii, sahani itabaki na furungu, sitroni, na pengine kumkwati na chenza za asili ambazo si rahisi kuzipata. Chungwa limekwenda, limau limekwenda, ndimu imekwenda. Hilo peke yake linatosha kunionyesha kwamba neno "chotara" halifai kuwa kipimo cha kuamua kinachoingia tumboni.

Chotara si ndiyo tunda lililobadilishwa jeni?

Hapana. Uchotara ni ndoa ya chavua na ua. Kubadilisha jeni ni kuingia ndani ya chembe ya mmea na kuweka, kuondoa au kuhariri kipande cha vinasaba kwa vifaa vya maabara. Klementini, tanjelo na limekwati zimetokana na njia ya kwanza.

Tunda lisilo na mbegu, je, limeharibiwa?

Halijaharibiwa. Zipo sababu tatu kubwa, na hakuna hata moja inayoongeza sumu kwenye tunda.

Ya kwanza ni hesabu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba. Ile ndimu kubwa isiyo na mbegu imetokana na ndimu ndogo na limau, na ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa, basi mbegu hazikui. Ya pili ni upweke: klementini haijichavushi yenyewe, hivyo ikipandwa mbali na jamaa zake huzaa bila mbegu, na ikipandwa karibu nao huzaa mbegu tele. Mti ni ule ule, jirani tu ndiye aliyebadilika.

Ya tatu ni badiliko la ghafla katika tawi moja. Chungwa lenye kitovu lilitokea hivyo huko Bahia, Brazili. Miche yake ilifikishwa Riverside, California, mwaka 1873, na mti mmoja kati ya ile ya mwanzo ungali hai mjini humo. Tangu hapo linaendelezwa kwa kubebesha vikonyo tu, yaani kuunganisha kipande cha tawi lake kwenye mti mwingine, kwa kuwa mbegu halina.

Kuna jambo lingine ambalo mwenye hofu ya uasili angelipenda. Mbegu nyingi za machungwa, malimau na mabalungi hutoa miche isiyo na urithi wa baba: ndani ya mbegu moja huwemo vijusi kadhaa vilivyotokana na mwili wa mama mwenyewe, na mche unaoota ni nakala ya mama. Basi mtu anayesema "tunda la asili ni lile lenye mbegu" anaweza kuwa ameshika mbegu inayotoa nakala tupu, kazi ile ile inayofanywa na kikonyo.

Mlo wangu unakataza vyakula chotara lakini unaruhusu ndimu ndogo na danzi. Nifanyeje?

Swali hili huletwa na watu wanaofuata mlo wa alkali, unaodai kuipunguzia damu asidi, hasa orodha zilizotokana na mafundisho ya Alfredo Bowman, mzaliwa wa Honduras aliyejulikana kama Dr. Sebi na aliyefariki mwaka 2016. Katika orodha hizo ndimu ndogo yenye mbegu inasifiwa, danzi linapendekezwa kuliko chungwa tamu, na chakula chotara kinahesabiwa kuwa hakina uhai.

Nawaheshimu wanaofuata mlo huo. Wengi wao niliozungumza nao waliufikia baada ya kuugua muda mrefu na kuchoka, na kupunguza vyakula vya viwandani kumewapa nafuu ya kweli. Lakini kwenye jamii ya machungwa kanuni hii inajipinga yenyewe. Danzi ni chotara wa moja kwa moja, furungu na chenza bila mzunguko. Ndimu ndogo ni chotara wa moja kwa moja pia. Ukiwa mkweli kwa kanuni, yote mawili yanatoka. Ukiyabakiza kwa kuwa yanakufaa, umeshakubali kwamba uchotara haukuwa tatizo, na hapo huna sababu ya kulikimbia chungwa.

Kuhusu alkali yenyewe: kwa pH, yaani kipimo cha asidi, damu ya mtu mzima hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mapafu pamoja na figo ndizo zinazoilinda saa zote. Tumbo lina asidi kali kuliko limau. Asidi ya tunda ikishameng'enywa, sitrati yake hugeuka kuwa bikaboneti, kitu kinachopunguza asidi, na mkojo ndio unaoweza kupungua asidi. Hilo lina faida kwa baadhi ya watu wenye mawe ya figo, kwa sababu sitrati huzuia aina fulani za mawe kujijenga. Damu haibadiliki. Na faida hiyo hutolewa na limau sawa na ndimu, yenye mbegu au isiyo nayo.

Si kweli kwamba machotara yamezalishwa ili yawe na sukari nyingi?

Mengine yalizalishwa kwa ajili ya utamu, mengine kwa kustahimili baridi, mengine kwa kumenyeka kwa urahisi. Lakini tazama gramu 100 za nyama ya tunda. Chenza lina sukari kama gramu 10 na nusu. Chungwa lina kama 9. Klementini nayo ni kama 9. Balungi lina kama 7. Limau lina 2 na nusu, ndimu chini ya 2. Chenza, lililo karibu zaidi na babu yake, ndilo tamu kuliko yote hapo, na balungi, chotara aliyechelewa kuzaliwa, lina sukari pungufu ya chenza kwa theluthi moja.

Kinachoamua sukari utakayokula ni aina ya tunda, ukubwa wake na kama umelila au umelinywa. Wazazi wake hawakupi hesabu hiyo.

Ninafuata keto, mlo wa wanga kidogo sana. Nibakize lipi?

Ndimu na limau, kwa maji yake. Kijiko kikubwa cha maji ya limau kina wanga wa gramu 1 hivi, na hakuna anayevuka kipimo kwa hicho. Chungwa moja la wastani lina wanga wa gramu 15, nyuzinyuzi zikiwa 3 ndani yake, na kwa mtu anayejiruhusu gramu 20 kwa siku hilo ni fungu kubwa. Nusu balungi au vipande viwili vitatu vya tanjelo vinaweza kuingia siku ambayo umejibana kwingine. Jihadhari na kumkwati: ni ndogo, zinaliwa na ganda lake, na mkono unarudi bakulini bila kuhesabu.

Nina kisukari. Chotara litanipandisha sukari zaidi?

Halitakupandisha kwa sababu ya uchotara wake. Chungwa na balungi zima zina nyuzinyuzi na hupandisha sukari polepole kuliko watu wanavyodhani. Hatari iko kwenye glasi. Glasi moja ya juisi ya chungwa ya mililita 240 ina sukari kama gramu 21, karibu sawa na machungwa mawili, na hunywewa kwa dakika moja. Machungwa mawili ukiyala kwa mkono, ukayatafuna na nyuzi zake nyeupe, shibe inakuja kabla hujamaliza la pili.

Kama una kipimo nyumbani, kitumie: pima kabla ya kula tunda moja, kisha pima baada ya saa mbili. Namba utakayoiona ni ya mwili wako mwenyewe. Na ukishuka sukari ghafla, hapo juisi ni dawa. Usiikatae kwa sababu ya orodha.

Figo zangu ni dhaifu na nimeambiwa nipunguze potasiamu. Yote yametoka?

Hapana, ila hapa kiasi kinahesabiwa kwa makini. Katika gramu 100, furungu lina potasiamu kama miligramu 216, chungwa 181, klementini 177, chenza 166, limau kama 138, balungi 135 na ndimu kama 102. Angalia tena: anayeongoza ni furungu, babu asiye chotara, na mjukuu wake balungi yuko chini kabisa pamoja na ndimu na limau.

Juisi inarudi tena kwa ubaya. Glasi ile ile ya mililita 240 ina potasiamu karibu miligramu 500. Kwa mtu ambaye figo zake hazitoi potasiamu vizuri, glasi mbili ni jambo la kumfikisha hospitali, kwa kuwa potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Anayetumia lisinopril, spironolactone au dawa za jamii hizo anapaswa kuwa mwangalifu mara mbili, maana dawa zenyewe hubakiza potasiamu mwilini.

Lakini usikate zaidi ya ulichoambiwa. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyeambiwa "acha machungwa", naye kwa utiifu akaacha na ndimu. Chakula kikapooza, akaanza kuongeza chumvi kidogo kidogo. Miguu ikavimba. Tulipopitia daftari lake la chakula mstari kwa mstari, tukakuta chumvi ndiyo iliyoingia mahali ndimu ilipotoka. Kijiko kikubwa cha maji ya ndimu kina potasiamu chini ya miligramu 20. Daktari wake alipoulizwa akaruhusu ndimu irudi siku ile ile, na chumvi ikapungua yenyewe. Tangu hapo kila mgonjwa wa figo namuuliza swali hili kwanza: ulipotoa kile, umeweka nini?

Ninatumia dawa kila siku. Je, kuna tatizo?

Soma sehemu hii polepole, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo wazazi wa tunda wana maana kubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, David Bailey na wenzake huko London, Ontario, nchini Kanada, walikuwa wanachunguza felodipine, dawa ya shinikizo la damu, ikitumiwa pamoja na pombe. Ili wahusika wasitambue ladha ya pombe, walichanganya na juisi ya balungi. Kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kupita walivyotarajia, na pombe haikuwa sababu. Sababu ilikuwa juisi. Walitangaza matokeo mwaka 1989.

Kinachotokea ni hiki. Ukutani mwa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, ambacho huvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Watengenezaji wa dawa wameshakihesabu katika kipimo cha kidonge. Balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini, na hizo hukiua kimeng'enya hicho kabisa, mwili ukalazimika kutengeneza kingine. Kazi hiyo huchukua siku moja mpaka tatu. Ndiyo maana kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii. Balungi moja zima, au glasi ya mililita 200, inatosha kuleta athari, na kidonge kimoja kinaweza kuingia mwilini kama viwili au zaidi.

Dawa zinazoguswa ni pamoja na felodipine na nifedipine za presha, simvastatin na kwa kiasi atorvastatin za lehemu, amiodarone ya moyo, na cyclosporine na tacrolimus wanazotumia waliopandikizwa kiungo. Si kila dawa ya kundi moja inaguswa: pravastatin na rosuvastatin ni za lehemu pia, na balungi haliziathiri kwa njia hii. Kwa hiyo muulize mfamasia kwa jina la dawa, usimwambie tu "dawa ya presha".

Furungu nalo lina furanokumarini. Danzi linazo, pamoja na mamaledi yake. Ndimu inazo pia, ila kukamulia chakula si sawa na kunywa glasi nzima. Chungwa tamu na chenza hazina tatizo hili. Kwa machotara, basi, uliza ukoo. Klementini, mtoto wa chenza na chungwa, haina shida. Oroblanko, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California huko Riverside mwaka 1980, ni mtoto wa furungu na balungi. Ni tamu, haina uchungu, na ulimi hautakuonya, lakini wazazi wote wawili ni wa upande wa hatari. Tanjelo liko katikati: mengine yamekutwa na furanokumarini kidogo mno, mengine hayatabiriki. Kama dawa yako hairuhusiwi pamoja na balungi, ushauri wangu ni kuliacha tanjelo pia. Machenza na klementini zipo, na hakuna utakachokosa.

Kuna dawa inayokwenda kinyume. Fexofenadine, ya mzio, hufyonzwa pungufu ukiimeza na juisi ya balungi, ya chungwa au ya tofaa. Hiyo imeze na maji.

Nitajuaje ukoo wa tunda nililonalo?

Angalia kibandiko au boksi. Jina la aina huandikwa hapo, na ukilijua jina, ukoo wake utaupata kwa urahisi. Kama hakuna jina, sogeza tunda karibu. Ganda nene lenye nyama nyeupe, ngozi ngumu kati ya vipande, na harufu kali inayobaki kwenye vidole ni dalili za furungu au balungi. Ganda jembamba lililolegea, linaloachia kama koti, ni dalili ya chenza. Rangi haisaidii hata kidogo. Na dalili hizi ni za kukisia tu. Mwenye dawa ya kupandikizwa figo asikisie, aache tunda lisilo na jina.

Tumbo langu hujaa gesi na ninafuata mlo wa FODMAP. Yapi yanakaa vizuri?

Mlo huu ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, na unahusu sukari fupi zisizofyonzwa vizuri utumboni. Ndimu, limau na chenza huwa hazisumbui kwa kiasi cha kawaida. Balungi lina fruktani, moja ya sukari hizo, hivyo fungu dogo hupita na fungu kubwa huleta kelele tumboni. Kwa chotara lisilopimwa, lihesabu kama mzazi wake mwenye masharti zaidi: tanjelo kama balungi. Na kumbuka mlo huu una mwisho. Hatua ya kukata vyakula ni ya wiki chache, kisha unavirudisha kimoja kimoja. Wengi niliowaona wakiteseka walikwama hatua ya kwanza kwa mwaka mzima.

Nina kiungulia. Niache asidi yote?

Anza na kiasi na saa. Tunda la asidi likiliwa tumbo tupu au muda mfupi kabla ya kulala ndilo linalochoma zaidi. Na hapa chotara linaweza kuwa rafiki: limau la Meyer, ambalo Frank Meyer alilileta Marekani kutoka China mwaka 1908, lina asidi pungufu kuliko limau la kawaida kwa sababu lina damu ya upande wa chenza. Oroblanko pia ina asidi kidogo, ukishajihakikishia upande wa dawa. Kama hata hayo yanachoma, yaache mpaka koo lipone. Baada ya kula, sukutua kwa maji na usipige mswaki hapo hapo, meno huwa laini kwa muda baada ya asidi.

Nina mzio wa chungwa. Naweza kujaribu chotara?

Usijaribu nyumbani. Mtoto hurithi protini za wazazi, na tanjelo au klementini inaweza kuwa na ile ile inayokudhuru. Midomo kuwasha kidogo ni jambo la kumweleza daktari. Koo kuvimba au pumzi kubana ni jambo la kukimbilia hospitali muda huo huo.

Kwa wenye mlo wa kupunguza histamini, kemikali inayoleta dalili za mzio, jamii hii huondolewa yote mwanzoni. Ushahidi dhidi yake ni mwembamba, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza kujaribiwa wakati wa kurudisha vyakula.

Nikiacha jamii yote ya machungwa, nitadhurika?

Hutadhurika kama mboga na matunda mengine yanaingia kwa wingi. Lakini kwa mtu ambaye orodha yake imeshakatwa mara tatu au nne, swali hili ni zito, na nalisema kwa sauti kwa sababu nimeona sahani zenye vyakula sita tu.

Mwaka 1747, kwenye meli ya HMS Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, fizi zimeoza na magoti hayana nguvu, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yakaisha baada ya siku sita, na kufikia hapo mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini. Machungwa ni chotara. Limau ni chotara. Ndiyo yaliyowainua watu wale.

Miligramu 10 za vitamini C kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 45 kwa mtu mzima. Gramu 100 za chungwa zina kama 53. Kwa hiyo chungwa moja linamaliza kazi ya siku. Vitamini C husaidia pia kufyonza madini ya chuma ya mimea, jambo kubwa kwa asiyekula nyama. Ukiona fizi zinatoka damu, michubuko inakuja bila sababu na vidonda haviponi, usisubiri. Mweleze daktari mlo wako wote, hata ile sehemu unayoogopa atakugombeza.

Sijala tunda la jamii hii kwa miezi. Nirudishe vipi?

Hakikisha kwanza dawa zako na mfamasia, na potasiamu yako na daktari kama una figo. Kisha chagua tunda moja tu lenye jina, klementini ni nzuri kuanzia kwa kuwa ni ndogo na ukoo wake haugombani na dawa zile. Siku ya kwanza kula vipande viwili baada ya chakula cha mchana. Andika saa, kiasi, na ulivyojisikia jioni na asubuhi yake. Siku ya pili kula nusu. Siku ya tatu, kama tumbo na ngozi viko kimya, limalize zima. Kaa na hilo kwa wiki kabla hujafungua jingine, na usianzishe chakula kipya kingine ndani ya wiki hiyo, maana vikija viwili kwa pamoja hutajua kilichokusumbua ni kipi.